Kabla Hujalala Chumba Kimoja na Mutinda

Muthama mwanangu,

Sitakuuliza hali yako, kwa maana uko upande wa pili wa ukuta huu na ninakusikia ukibishana na zipu ya begi. Wala sitaanza na "baada ya salamu". Salamu tumepeana tangu asubuhi mpaka zimetuishia.

Mgeni akiiona barua hii atafikiri nimechanganyikiwa. Msichana wa kidato cha tatu anamwandikia baba yake mzazi kana kwamba alimzaa! Lakini wewe ndiye uliyenipa jina la mama yako, Syombua, na tangu nipate akili hujaniita mwanangu hata siku moja. Unaniita mwaitu, yaani mama. Nilipokuwa na miaka minne ulikuwa unanisalimia mimi kwanza, umevua kofia, ndipo unamsalimia mtu mwingine. Nikilia kwa njaa ulikuwa unamwambia Mama, "Mpeni mwaitu chakula, asije akanilaani." Nyumba nyingi huku Ukambani hufanya hivyo na mtoto mwenye jina la mzazi wao, ila wengi hufanya kwa mzaha na huacha mtoto akishaanza shule. Wewe hukuacha. Leo mchana, tukila, ulisema tena, "Mwaitu, kesho mwanao anaenda Mbumbuni. Huna neno?"

Nikaangalia sahani. Unajua vile mdomo wangu hukauka watu wawili wakiniangalia kwa wakati mmoja.

Neno ninalo, na ni refu. Lina hasira pia. Kama binti yako singethubutu kulisema, kwa hiyo nalisema kama mama yako, na kama umenidanganya miaka yote hii kuhusu jina hili, basi leo ndiyo nitajua.

Habari za blanketi, za nguo za kubadilisha, za kutokula chakula cha jana, nimemwachia mke wako. Amezisema mara tatu na bado anaendelea. Mimi nina jambo moja tu. Kesho jioni utafika kwenye ile karakana ya kuchomelea vyuma huko Mbumbuni, utaonyeshwa chumba kilicho nyuma, na utalala humo na fundi anayeitwa Mutinda, mtu uliyemwona mara moja, siku uliyokwenda kujaribiwa kazi. Na leo nimekusikia ukimwambia Mama kwamba Mutinda hatajua una ugonjwa wa sukari. Mwenye karakana hatajua. Hakuna atakayejua. Insulini utaiweka kwenye themosi, uifunike na shati. Sindano utajidunga chooni.

Chooni, Muthama! Mahali ambapo hata simu watu huogopa kuitoa mfukoni. Nesi wa kliniki alitumia saa nzima kutufundisha kunawa mikono, nawe umepanga kusimama kwenye giza, umeinua shati kwa meno, nzi wanakuzunguka, ili Mutinda asijue jambo ambalo siku moja huenda likamhitaji yeye kuliko mimi.

Nilikasirika nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Sasa nisikilize. Sikuandikii kwa sababu mimi ni mwerevu. Nakuandikia kwa sababu katika jambo hili nimekosea kushinda mtu yeyote katika nyumba hii, tena nimekosea pande zote mbili. Nilisema wakati wa kunyamaza, na nikanyamaza wakati wa kusema. Kosa la kwanza unalijua nusu. La pili unalijua lote, ila hatujawahi kuliongea. Kuna na la tatu, ambalo hulijui kabisa, na sijui kama ni kosa.

La kwanza ni Mwende. Unamkumbuka, yule aliyekuwa deski moja nami kidato cha pili, mwenye kucheka kwa mabega. Mimi sikuwa na rafiki. Nilikuwa na vitabu, na vitabu havikuulizi mambo ya kwenu. Siku moja wakati wa chakula Mwende aliniambia siri yake kubwa, sitaiandika hapa, halafu akakaa akingoja. Ilikuwa zamu yangu. Mimi sina siri, baba. Maisha yangu yote yangeandikwa ukutani na mtu hangesimama kusoma. Siri pekee niliyokuwa nayo ilikuwa yako. Kwa hiyo nikampa. Nikamwambia baba yangu hujidunga sindano kila siku, asubuhi na jioni, na kwamba dawa tunaihifadhi kwenye chungu chenye mchanga wenye maji kwa sababu hatuna friji.

Niliiambia vibaya. Nilitaka iwe ya ajabu, nikaanza na sindano na chungu. Neno sukari nililitaja mwisho kabisa, na wakati huo kengele ilikuwa inalia.

Kufikia Ijumaa niliitwa Binti Sindano. Mvulana mmoja wa nyuma alikuwa akinyoosha mkono na kujipiga mshipa nikipita. "Syombua, babako anauza ama anatumia tu?" Wengine walisema ni ule ugonjwa mwingine, wakaacha kunywa kwenye kikombe changu. Mwende alilia akaapa kwamba alimwambia mtu mmoja tu. Huenda ni kweli. Mtu mmoja anatosha.

Maneno yalifika sokoni Zombe, ulikokuwa ukifanya kazi, kabla yangu. Ulikuja nyumbani siku ile ukaketi kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu vya kazi. Hukunipigia kelele. Afadhali ungepiga. Ulisema, "Mwaitu, kuanzia leo mambo ya mwili wangu yasitoke kwenye boma hili. Hata mtu akiuliza. Hata akiwa nani." Mama akaitikia, nami nikaitikia. Niliitikia kwa moyo wangu wote, kama mtu anayeapa.

Nataka uelewe kwamba sikulaumu kwa amri ile. Nilijua ilitoka wapi. Nilikuwa darasa la sita ulipogunduliwa una sukari, na nilikuwepo ulipotuhadithia habari za yale machimbo ya mawe. Ulikwenda siku ya kwanza, ukafanya vile nesi alivyokushauri, ukamwambia msimamizi mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni: mimi nina sukari, natumia dawa, saa nne lazima nile kidogo. Naye akakuambia, "Rudi nyumbani upone kwanza, mzee, halafu uje." Upone! Ulituigizia sauti yake tukacheka, lakini usiku huo hukula. Kwa hiyo ulisema mapema ukafukuzwa kabla hujaanza, kisha mimi nikasema kwa mtu asiyefaa ukachafuliwa jina. Ningekuwa wewe, mimi pia ningefunga mdomo. Nilifunga.

Tatizo ni kwamba sukari yenyewe haikula kiapo pamoja nasi.

Haya, kosa la pili. Najua hutaki, lakini soma.

Karakana yako ya Zombe ilikuwa ya yule tajiri tuliyemwita Shemasi, na ukame ulipozidi alianza kuwafungisha mafundi wote pamoja naye kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuomba mvua na wateja. Nilikuwa nikiona unavyoamka siku hizo. Ulisimama na sindano mkononi ukifikiri, kama mtu anayepima nguo. Ukijidunga bila kula utaanguka. Usipojidunga utaumwa. Ukila watakuona. Neno moja lingemaliza hesabu hiyo: "Ndugu zangu, mimi daktari amenikataza kufunga." Hata Biblia haimlazimishi mgonjwa. Lakini neno hilo lingezaa swali, na swali lingezaa jibu, kwa hiyo ulijidunga nusu ukaenda na njaa. Mara ya kwanza ulirudi salama. Mara ya pili ulirudi salama, ukamwambia Mama, "Unaona?" Sisi wanadamu huridhika na ushahidi wa ajabu.

Na peremende pia. Ulikuwa unabeba peremende mfukoni kama nesi alivyosema, mpaka wenzako walipoanza. "Fundi mzima anamumunya peremende kama mtoto wa nasari!" Ulituambia hivyo ukicheka. "Wameniita Baba Peremende." Wiki iliyofuata nilifua suruali yako na mifuko ilikuwa mitupu. Niliona. Sikusema kitu. Hilo nalo liandike upande wangu.

Mara ya tatu nilikuwa nyumbani, ilikuwa likizo ya Aprili. Pikipiki iliingia ikiwa na watu watatu: mwendeshaji, wewe katikati, na nyuma Kilonzo, msimamizi wenu, amekushika kiuno kama gunia la mahindi. Shati lako lilikuwa limelowa jasho.

"Syombua, shika mzee wako," Kilonzo alisema. "Leo ametuonyesha maajabu. Amemwita Shemasi punda. Mbele ya wateja! Siku ya kufunga!"

Nawe ulikuwa unajaribu kueleza, na maneno yalikuwa yanateleza. Ulisema, "Punda ni yeye... geti... geti halina bawaba." Mwendeshaji wa pikipiki aliangua kicheko.

Mikono yangu ilijua la kufanya. Nilikuingiza ndani, nikakoroga sukari kwenye maji, nikahakikisha unaweza kumeza, nikakunywesha kidogo kidogo. Nesi angejivunia mimi. Baada ya muda ukaniangalia vizuri, ukauliza ni saa ngapi, na kwa nini mkono wako umefungwa kitambaa. Ulikuwa umeshika chuma cha moto. Hukumbuki mpaka leo.

Kilonzo alikuwa bado uani. Nilitoka. Alikuwa amevua kofia, na hasira yake ilikuwa imepungua, alionekana kama mtu aliyechoka. Aliniambia polepole, "Sema tu ukweli, mtoto wangu. Mimi si mtu mbaya. Ameanza kunywa lini?"

Baba, neno lilikuwa hapa mdomoni. Neno moja. Lilikuwa na silabi tatu tu, sawa na "sijui". Niliangalia kiatu chake cha kushoto. Kilikuwa na matundu madogo yaliyochomwa na cheche. Niliyahesabu, yalikuwa saba. Nilikumbuka Binti Sindano. Nilikumbuka kiti cha mlangoni. Hata mtu akiuliza. Hata akiwa nani. Nikayahesabu tena.

Kilonzo akangoja, halafu akavaa kofia yake. "Basi nimeelewa," alisema. "Mtoto mzuri hawezi kumsema babake." Akaondoka akiniheshimu.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekutolea ushahidi kwamba wewe ni mlevi. Sikufungua mdomo, na ushahidi ukapokelewa. Kazi ikaisha kesho yake. Jumapili mbili baadaye ulisimama mbele ya kanisa, wewe ambaye hujawahi kuonja hata ile pombe ya asali ya wazee, ukatubu ulevi. Nilikuwa benchi la nne. Ulisema, "Ndugu zangu, nilianguka, naomba mnisamehe." Ulichagua neno "nilianguka", nikajua umelichagua ili usiseme uongo mtupu katika nyumba ya Mungu. Mchungaji alikushika bega. Akina mama walisema amina kwa huruma, huruma nzuri kabisa, ile ambayo ingetosha pia kwa ugonjwa. Wakakuweka nje ya kwaya na nje ya meza ya Bwana miezi mitatu. Na wewe uliona umeponea chupuchupu.

Hapo ndipo ninapokasirika mpaka naogopa. Nimejaribu kuelewa ni vipi mtu anaona aibu ya ugonjwa asiouleta ni kubwa kuliko aibu ya dhambi asiyoitenda. Nimetafuta kwenye kitabu cha Biolojia. Kina kongosho, kina homoni, kina mchoro mzuri wa tumbo na mishale. Hakina sura ya wanaume wa Zombe. Nilidhani nikiwa mkubwa nitaelewa. Nina miaka kumi na saba sasa na ninaelewa kidogo tu: mlevi akitubu anasamehewa, lakini mgonjwa wa sukari hana la kutubu. Mlevi anahesabiwa kuwa mtu mzima aliyekosea. Mgonjwa wanaanza kumwongelesha kama mtoto. Nafikiri hicho ndicho ulichokimbia. Kama nimekosea, nisahihishe. Ila usinisahihishe kwa kunyamaza.

Sasa la tatu. Vuta kiti.

Likizo hii, wiki mbili zilizopita, nilikuambia naenda Zombe kurudisha kitabu. Kitabu nilirudisha. Halafu nilikwenda kwenye karakana ya Shemasi.

Nilisimama karibu na geti muda mrefu sana. Nilisoma bango lao mpaka nikaona makosa mawili ya tahajia. Nilirudi mpaka kwenye maduka, nikageuka, nikasimama tena. Mwisho Kilonzo aliniona. "Binti wa Muthama! Umetumwa?"

"Hapana," nikasema. "Nimekuja mwenyewe. Ile siku hakuwa amelewa."

"Nini?"

Kulikuwa na fundi anakata chuma kwa grinda, cheche zinaruka, kelele kama ya dunia kuisha. Nikarudia. Kilonzo akaweka mkono sikioni. Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwa nguvu ambazo sikujua ninazo: "BABA ANA UGONJWA WA SUKARI!" Na fundi yule akazima grinda kabla sijafika neno la mwisho.

Karakana nzima ikaniangalia. Watu wanne. Mmoja akasema, "Pole, dada. Sisi tuna ugonjwa wa kukosa sukari, chai ya leo ni chungu." Wakacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini Kilonzo hakucheka. Aliketi kwenye tangi la maji lililokuwa halijamalizwa.

"Sukari," akasema. "Kumbe zile porojo za sindano za sokoni zilikuwa za sukari?"

"Ndiyo."

"Mama yangu mzazi ana sukari, Syombua. Huu mwaka wa tisa. Mimi ndiye nampeleka kliniki." Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Unaona lile duka? Ni hatua kumi. Soda zimejaa. Mtu wangu alikuwa anakufa mbele yangu, na mimi namshikilia mikono namwambia toka pepo la pombe." Akasimama, akaketi tena. "Miaka miwili tunakula sahani moja na babako. Sahani moja! Aliniona mimi ni nani?"

Hilo ni swali lako, nimekuletea.

Nilimuuliza kama angeweza kumwambia Shemasi, ili urudi. Alifikiri kwa uaminifu. Alisema nafasi ina mtu mwingine. Alisema pia, na hili alilisema kwa sauti ya chini, kwamba sasa limekuwa gumu zaidi, kwa sababu ulishatubu mbele ya kanisa. Shemasi akisikia hukuwa umelewa, atauliza ni kwa nini ulidanganya madhabahuni. Nikamuuliza: kama angesema tangu mwanzo, Shemasi angemfukuza? Akasema, "Labda. Shemasi ni Shemasi, anapenda watu wenye nguvu. Sikudanganyi. Lakini mimi si Shemasi. Mimi ningefunga mdomo, na ningekuwa na soda."

Nimeyarudia maneno hayo njia nzima, na wiki hizi mbili nikiosha vyombo. Kwa sababu hapo ndipo sisi wote tulipopotea, mimi na wewe. Tulifikiri kuna kusema na kuna kunyamaza, basi. Kule machimboni uliwaambia wote siku ya kwanza, foleni nzima. Zombe hukumwambia hata mmoja kwa miaka miwili. Mimi nilimwambia Mwende kwa sababu alikuwa amenipa siri na nilitaka kulipa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza: nikianguka, ni nani atakayekuwa amesimama karibu? Huyo ndiye mwenye haki ya kujua kwanza. Mwenye karakana yuko ofisini au sokoni. Atajua baadaye, ukishamjua ni mtu wa namna gani, na akishaona kazi ya mikono yako. Lakini si baadaye ya milele. Kabla hujapandishwa juu ya paa kushika vyuma. Kabla ya Jumatano yoyote ya kufunga, kama nao wanafunga.

Mutinda ndiye atakayelala mita mbili kutoka kwako. Ukianza kutokwa jasho saa tisa za usiku na kuongea habari za bawaba, atakayekuwa karibu ni yeye.

Sijui Mutinda ni nani. Hilo lazima nikubali. Anaweza kuwa Kilonzo na anaweza kuwa Mwende. Ulituambia tu kwamba alikusaidia kubeba mtungi wa gesi bila kuombwa, na kwamba anakoroma hata akiwa macho. Huo si ushahidi mkubwa. Anaweza kukucheka. Anaweza kumkimbilia mwenye karakana kesho yake asubuhi, nawe ukarudishwa nyumbani na begi lako, na mimi nitakuwa nimekuharibia kazi kwa mara ya pili. Nimelifikiria hilo lote. Kama litatokea, njoo nyumbani unikasirikie, nitakaa kwenye kiti cha mlangoni nikusikilize. Bado nakuomba umwambie. Usingoje akujue vizuri, kwa sababu kila siku unayongoja inafanya neno kuwa zito zaidi. Nimeona. Siku ya kwanza ni habari tu. Baada ya miaka miwili ni kosa la kutoaminiana, hata kwa mtu mwema kama Kilonzo.

Mwambie kesho jioni, mkitandika vitanda, mikono yenu ikiwa na kazi na macho yenu yakiwa kwenye shuka. Ni rahisi hivyo, nimegundua, kuliko kuangaliana. Usianze na sindano kama nilivyoanza mimi. Anza na sukari. Sema kwa maneno ya kazi, kama unavyomwonyesha mtu swichi ya kuzima mashine: "Nina ugonjwa wa sukari. Natumia dawa na niko sawa. Ukiona natoka jasho bila sababu, au naongea ovyo, nipe kitu kitamu haraka kama bado nameza. Maombi yatafuata." Halafu uliza kama kuna mahali penye baridi pa kuweka dawa. Halafu nyamaza. Usimweleze machimbo, usimweleze kanisa. Hayo ni yako. Kumwambia mtu jambo moja si kumfungulia mlango wa nyumba nzima. Hilo sikulijua nilipokuwa na Mwende.

Nimemaliza karibu kila kitu. Zipu imekushinda, nakusikia unamwita Mama.

Utanikasirikia kwa sababu ya Kilonzo. Nilivunja amri yako, nikaivunja kwa kelele, mbele ya grinda. Ukitaka kuniadhibu kama binti yako, unayo haki, na sitajitetea. Lakini kuna jambo moja la mwisho, na hili halihitaji ruhusa yako, maana nalisema kwa jina ulilonipa mwenyewe.

Kwenye fomu ya kazi mpya, mahali pa mtu wa kupigiwa simu, uliandika jina langu. Niliiona nikikusaidia kuikunja. Labda uliniandika kwa sababu nilinyamaza vizuri mara ya kwanza. Basi ujue. Mtu yeyote akinipigia kutoka Mbumbuni, awe Mutinda, awe mwenye karakana, awe mtu aliyeokota simu yako barabarani, akauliza huyu baba ana nini, nitamwambia. Nitamwambia papo hapo, kwa sauti, na neno la kwanza litakuwa sukari. Sitakusubiri uzinduke nikuulize. Siwezi kukuzika ili nitunze siri.

Kwa hiyo Mutinda atajua, mwanangu. Atajua kutoka kwako akiwa ameshika shuka, au atajua kutoka kwangu akiwa ameshika kichwa chako. Una jioni moja ya kunitangulia.

Nitangulie.

Mama yako,
Syombua